Mfuko Haupandi Kitandani

Kwenye kilio cha mama yangu watu walisema mengi mazuri, nami nikakasirika. Walisema aliimba sauti ya kwanza kanisani mpaka meno yalipomtoka. Walisema ndagala zake, dagaa wa ziwani, hazikuwa na mchanga hata siku moja, na kwamba hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwake, hapa Baraka, bila kunawa mikono na kula. Yote kweli, sikatai. Lakini nilikaa pale kwenye kiti changu cha magurudumu siku tatu nzima nikingoja mtu mmoja tu aseme lile jambo kubwa alilolifanya mama mbele ya macho yao, na wote wakalipita pembeni. Siku ya nne akafika Mama Sifa kwa boti ya Kazimia. Ni muuguzi mstaafu, mzee sasa, anatembea na fimbo, lakini tabia yake ni ile ile: hakunisalimia kwanza. Aliinama akachungulia chini ya kiti changu kuona mfuko wa mkojo unaning'inia wapi, akaridhika, ndipo akanishika mkono. "Pole, mutoto wangu. Bamesha kuelezea ile habari ya mufuko?" Nikamwambia hakuna aliyethubutu. "Banasikia haya mpaka leo," akasema. "Basi weye mwalimu, uko na kalamu. Andika." Ninaandika, na asiyependa kusoma habari za mkojo afunge kitabu hapa hapa, sina ugomvi naye.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiwa darasa la mwisho la sekondari, upande wa ualimu, lile ambalo mwisho wake ni examen d'État, mtihani wa taifa. Kabla masomo hayajaanza, lori lililokuwa linatutoa Misisi lilipinduka kwenye matope, nikavunjika uti wa mgongo. Sitaeleza zaidi, lori limepinduka, basi. Miguu haikunijibu tena, na kibofu nacho kikasahau kazi yake. Hospitalini waliniwekea sonde, yaani mpira mwembamba unaoingia kwenye kibofu na kuteremsha mkojo hadi kwenye mfuko wa plastiki. Wakamwonyesha mama haraka haraka namna ya kufungua kibomba cha chini na kuumwaga, na kabla ya Noeli wakaturudisha nyumbani. Nilirudi na wazo moja kichwani: miguu imekwenda, lakini mtihani hauandikwi kwa miguu. Nilijua vizuri kwamba msichana asiyetembea na asiye na diploma atabaki kwenye mkeka wa mama yake mpaka mmoja wao afe. Mwenye diploma ya ualimu anaweza kufundisha ameketi. Kwa hiyo niliutaka ule mtihani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko hata kutembea, maana kutembea walishaniambia tusahau.

Mama aliniwekea kitanda sebuleni, chini ya dirisha linalotazama njia. Ninakiona chumba kile hata sasa: kuta zilizopakwa udongo mweupe, kalenda ya kanisa, meza yenye kitambaa cha kushona kwa mkono, na harufu ya mawese ikiingia kwa mlango wa nyuma kutoka jikoni. Kwetu mgonjwa hafichwi chumba cha ndani. Anawekwa pale watu wanapoingilia, ili aonekane, asalimiwe, aombewe. Kila Jumatano baada ya kazi za shamba walikuja bamama wa kanisa, kumi na zaidi, Mama Eriya mbele yao. Na kila Jumatano tangu asubuhi mama alikuwa na shughuli. Aliuchomoa mfuko kutoka kwenye mpira, akausuuza ndani ya beseni la vyombo ili usinuke, akaurudisha. Alininyima maji ya kunywa ili usijae. Na aliposikia sauti uani aliutoa mfuko pale ulipofungwa ubavuni mwa kitanda, akaulaza juu, karibu na mbavu zangu, akafunika vyote kwa kitenge kipya. "Mikojo ya mutoto mwanamuke haiangaliwe na batu," alisema. Wageni waliimba, waliomba, walikula bugali na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, na muda wote huo mkojo uliokwisha kutoka mwilini ulikuwa unarudi polepole kule ulikotoka. Hatukujua. Mama alifanya hivyo kwa mapenzi, na mimi nilimshukuru, kwa sababu niliona haya kuliko yeye.

Ijumaa homa ilikuja. Kwanza baridi, meno yanagongana chini ya blanketi mbili wakati nje jua linawaka, kisha joto, kisha maumivu ya kiuno upande mmoja, na mkojo mzito wenye rangi ya maji ya kunawia miguu. Jumapili nilianza kupata nafuu, Jumanne nikafungua daftari la hisabati, Jumatano wageni, Ijumaa homa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyumbani kwetu mgeni alikuja na mwenyeji akazidiwa. Mama Eriya ndiye aliyegundua kwamba homa inafuata maombi. Akasema ni shetani, anachukia maombi, basi ni lazima tumwongezee. Wakaanza kuja na Jumamosi. Unaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka, lakini mwezi ule nilikaribia kufa kwa kuombewa. Katikati ya homa mama alituma mtu sokoni kununua kapsuli za rangi mbili, zile zinazouzwa moja moja. Nilimeza mbili leo, mbili kesho, nikipoa tunaziweka kwenye kikombe juu ya kabati, zingoje homa nyingine.

Mwisho wa Januari, nikiwa nimelala na macho yamefungwa, nilisikia sauti ya préfet, mkuu wetu wa shule, akizungumza na mama kule jikoni. Watu hufikiri aliyefumba macho amefumba na masikio. "Mama Nyota, mi namupenda mutoto wako, iko na akili," alisema. "Lakini jina ya muntu mwenye haiko mu darasa, nitaipeleka kwa inspecteur wa mutihani namna gani? Nangojea mpaka Pasaka. Kama hajakaa mu darasa wiki mbili za kufuatana, nalitosha." Nikangoja mama amsihi asilitoe jina langu. Nilimjua mama, alikuwa na ulimi wa kumfanya mvuvi ampunguzie bei mpaka ajute. Nikasikia anakoroga kitu chunguni, halafu akasema: "Litoshe tu, préfet. Mi natafuta mutoto mwenye kuishi. Diplome sitafute." Maneno yale yaliniuma kuliko kiuno. Nilimchukia mama jioni nzima, nikakataa hata chakula chake, naye akadhani ni homa.

Mama Sifa alifika wiki ile ile. Alikuwa muuguzi mpya kwenye kituo cha afya cha jirani, mwanamke mfupi aliyetoka Swima, mwenye sauti ya kuuza samaki. Alikuja kubadilisha sonde, ambayo ilipaswa kubadilishwa kitambo, na sisi hatukujua kwamba sonde ina siku zake. Aliomba maji na sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akafanya kazi yake, kisha akaona kikombe juu ya kabati. Akachungulia ndani. "Hizi kapsuli munakulaka namna gani?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Unapiga nyoka fimbo moja, unamuacha. Kesho anarudi na hasira, na anajua fimbo yako. Dawa ya homa ya mikojo ni ile wamepima kwanza, na unaimaliza yote, hata kama umepoa." Akazimwaga chooni mama akitazama kwa uchungu. Kisha akaniuliza kama ninajua kuandika. Nilimjibu kwa kiburi kwamba mimi ni mwanafunzi wa darasa la mwisho. "Vizuri. Chukua daftari. Kila siku uandike: maji umekunywa, rangi ya mikojo, homa, na kila kitu wamefanya ku hii mupira. Miye siko naishi humu. Mwenye kulala na ugonjwa ni weye." Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kwa mtu kunipa kazi.

Niliandika wiki tatu. Jumatano ya tatu nilisoma tangu mwanzo, na jasho likanitoka bila homa. Kila Jumatano na kila Jumamosi niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu: maji hakuna, mfuko umeoshwa, mfuko juu ya kitanda. Na siku mbili baadaye: baridi. Nilikuwa bado nimeshika daftari Mama Sifa alipoingia bila hodi, nyuma ya bamama, akaketi kati yao kama mgeni yeyote. Alikuja kuona kwa macho yake. Waliimba wimbo wa kwanza, naye akaimba. Mama Eriya alipofumba macho kuomba, Mama Sifa akasimama, akafunua kitenge, akaushika mfuko na kuushusha ubavuni mwa kitanda mbele ya watu wote. Maombi yakakatika. "Hii," akasema, "ikipanda juu ya mwili, mikojo inarudia ndani na uchafu yake. Shetani munamutafuta, ni huyu. Mukae, muombe, lakini huu mufuko haupandi kitandani." Nilitamani ukuta uniangukie. Mama akamwambia muuguzi yule kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Umemuvua mutoto wangu nguo mbele ya batu. Toka kwangu."

Mama Sifa alitoka. Mlangoni aligeuka akaniambia mimi, si mama: "Mficha uchi hazai, Nyota." Kisha akaenda zake, na bamama wakaondoka mmoja mmoja bila kula, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu. Mama aliokota kitenge, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Nilijua kwamba nikinyamaza mfuko utapanda Jumamosi, na mtihani wangu umekwisha. Kwa hiyo nikamwita, nikamsomea daftari. Nilimsomea tarehe kwa tarehe, kama mwalimu anayesoma majina darasani, na kila nilipofika kwenye neno "baridi" nilinyamaza kidogo. Mama hakujua kusoma, lakini alikuwa na kumbukumbu kali. Alianza kuitikia kabla sijafika. Kwenye ile ya tano akaketi chini. "Kumbe ni miye," akasema. "Ni mikono yangu." Nikamwambia ni mikono yako na haya yangu, mama, tumesaidiana. Kisha nikamwambia nilisikia alichomwambia préfet. Akalia, nami nikalia, na kwa hasira yangu yote nilimwambia kwamba sitaki kuishi tu, kuku naye anaishi. Nikamwomba Jumatano nne. Kama Jumatano nne mfuko ukikaa chini na homa ikija bado, nitanyamaza na jina langu litolewe. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akambebea Mama Sifa samaki wawili aina ya mikeke, akaenda mwenyewe mpaka kituoni kumwomba radhi, na alirudi naye jioni hiyo hiyo.

Kuanzia hapo mama akawa mkali kuliko muuguzi. Watu wa aina yake wakiamini jambo, pole kwa majirani. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akayapoza ndani ya bidoni, dumu la plastiki, akanisimamia mpaka ninywe kopo baada ya kopo na mkojo uwe na rangi ya chai isiyokolea. Beseni la vyombo likarudi kwa vyombo. Ndoo ndogo ya kijani ikawa ya mfuko peke yake, na kibomba hakikuruhusiwa kugusa ukingo wake. Mfuko haukuchomolewa tena kwenye mpira. Ulimwagwa kabla haujajaa, ukaning'inizwa ubavuni mwa kitanda, chini ya kiuno changu, lakini usiguse sakafu. Mpira ulifungwa pajani kwa kitambaa laini usivutike wala kujikunja. Asubuhi na jioni alinisafisha kwa maji na sabuni ya kawaida, kutoka mbele kwenda nyuma. Na kwa ajili ya macho ya watu akashona kifuko cha kitenge cha kuuvika mfuko pale pale chini. Bamama waliporudi aliwasimamisha mlangoni na kipande cha sabuni. Mama Eriya, mke wa mchungaji, mtu wa heshima zake, aliambiwa anawe mikono kabla ya kuniwekea mikono. "Tangu lini Roho Mutakatifu anaombaka sabuni?" akauliza. Mama akamjibu, "Roho haombe. Ni miye naomba." Akanawa.

Ijumaa ya kwanza tuliketi mama na mimi tukiingoja homa kama watu wanaongoja mdai. Haikuja. Ijumaa ya pili haikuja. Ya tatu nilikuwa ninafanya mazoezi ya hisabati na nikasahau kabisa kwamba ni Ijumaa. Baada ya Ijumaa ya nne seremala alinitengenezea kiti cha mbao chenye magurudumu mawili ya baiskeli, akagonga msumari chini ya kikalio kwa ajili ya mfuko, na wenzangu wakawa wananisukuma mpaka shuleni. Nilikaa darasani wiki mbili za kufuatana, siku tatu kabla ya Pasaka zikatimia, na préfet alikuja mwenyewe kwenye kiti changu akaniambia jina linakaa. Siku moja mkojo uliamka mzito na wenye harufu, nikaogopa nikataka kapsuli. Mama Sifa akaniuliza: homa iko? Baridi iko? Kiuno kinauma? Hakuna. "Basi kunywa mayi, uende kusoma. Mikojo kunuka peke yake si ugonjwa, mwenye sonde hakoseake vijidudu." Na mwezi wa tano, wiki mbili kabla ya sehemu ya kwanza ya mtihani, baridi ilinirudia kweli. Safari hii hatukungoja Jumapili wala kutuma mtu sokoni. Saa hiyo hiyo mama alimwita muuguzi, sonde ikabadilishwa, mkojo ukachukuliwa kutoka kwenye sonde mpya ukapelekwa maabara, nikapewa dawa niliyoimaliza hadi kidonge cha mwisho ingawa siku ya tatu nilikuwa nimeshapoa. Nilijifunza siku zile kwamba kushinda si kutougua tena. Nilikuwa nimeijua njia, na hilo lilinitosha.

Baada ya sehemu ile ya kwanza, mtihani mkubwa ulikuwa siku nne. Asubuhi ya kwanza nilijaribiwa nisinywe maji, kwa sababu hakuna kutoka chumbani. Nikanywa. Mama aliketi nje kwenye kivuli cha ukuta na ndoo yake ya kijani. Tulipogawiwa karatasi, inspecteur mmoja, mkaguzi wa mtihani, mwanamume mrefu mwenye suti na kikohozi, alipita kati ya madawati akasimama kwangu. Alikuwa ameona kifuko cha kitenge chini ya kiti. Mwaka ule wanafunzi walikuwa wanaficha majibu kila mahali, hata ndani ya mikate, simlaumu. "Kuko nini mule? Weka juu ya meza." Chumba kizima kikageuka. Nilisikia haya ile ya zamani ikipanda shingoni, ile ya sebuleni, na mkono wangu ukaanza wenyewe kwenda chini kutii. Kisha nikaurudisha mezani. Nikasema: "Papa inspecteur, ni mufuko ya mikojo. Haupande juu ya meza, utaniletea homa, na niko na siku nne za kuandika. Ukitaka kuuona, uiname." Hakuna msichana wa Baraka aliyewahi kumwambia mtu wa suti ainame. Halafu akavuta suruali yake kidogo magotini, akainama mpaka chini, akafungua kifuko, akaona, akakifunga vizuri kabisa kwa mikono miwili. Alipoinuka alisema, "Endelea, mademoiselle." Baada ya saa moja hivi alirudi, akajifanya anatazama dirisha, akaninong'oneza: "Unakaribia kujaa. Nimuite mama?" Siku zote nne ilikuwa hivyo. Nilimaliza kila karatasi, na homa haikuja.

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa shule mwezi wa nane. Sikwenda kuyaangalia, ujasiri wangu wote niliumalizia kwa inspecteur. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mama anachambua ndagala kwenye ungo, tukasikia kelele zinakuja kutoka upande wa soko. Kwetu aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe. Wenzangu waliingia uani wakiwa weupe kuanzia nywele mpaka viatu, na kabla sijauliza swali nilikuwa na poda mdomoni, machoni, ndani ya nguo. Ungo wa ndagala ulipinduka na mama hakuugusa. Vijana wanne wakashika kiti, wakakiinua na mimi juu yake hadi mabegani. Nikahisi mpira unabanwa na bega la mmoja wao, nikapiga yowe kwamba mfuko utabonyezwa. Mama alikuwa tayari pale. Aliuchomoa kutoka kwenye msumari wake, ukiwa hauna kifuko kwa kuwa kifuko kilikuwa kwenye kamba kinakauka, akaushika kwa mkono, chini yangu, mkojo ukionekana na kila mtu, safi kama maji ya kisima. Tukatoka barabarani hivyo, mimi juu, mama chini, mpira kati yetu, yeye akitembea kwa hatua fupi usivutike, na akiimba sauti ya kwanza. Tulipita mbele ya kanisa, bamama wote wako nje. Tulipita sokoni. Muuza mafuta mmoja aliyesimama katikati ya njia aliutumbulia macho mkono wa mama, akauliza: "Mama Nyota, iyo unabeba ni nini?"

Mama hakuacha kutembea. "Ni mikojo ya mwalimu," alisema. "Tupishe."

Akatupisha.